Gari la Muziki Lililopita Mlango wa Mdogo Wangu

Mwaka ule tulikula unga wa njano. Ukimwambia mtu wa Bagamoyo "mwaka wa unga wa njano" hakuulizi tena ni mwaka gani, anakunja uso tu, maana ulimi wake unakumbuka. Mvua ilikataa, mahindi yakafa yakiwa na urefu wa goti, na unga ukaja kwa meli kutoka huko wanakokujua wenyewe. Ugali wake ulitoka rangi ya kiini cha yai. Jicho linafurahi, mdomo unalia. Wajukuu zangu walisema hicho ni chakula cha farasi. Nikawaambia basi kuleni kama farasi, nataka kuona sufuria tupu.

Sisi angalau tulikuwa na bahari. Mdogo wangu Mwanahamisi hakuwa nayo. Yeye ameolewa Lugoba, bara, na katika watoto wa mama yetu tumebaki mimi na yeye tu. Nikasikia huko wanachemsha majani ya porini bila chumvi. Usingizi ukanihama. Nikakusanya ng'onda, wale samaki tunaowapasua na kuwaanika juani, nikatia na chumvi ya mawe, nikajaza kikapu na kukishona mdomo kwa kamba ya ukambaa. Mzigo tayari, gari hakuna. Mabasi yalikuwa yakija leo, kesho hayaji, na yakija yamejaa hadi mlangoni.

Ndipo akaja Salum, mtoto wa binti yangu. Yeye kazi yake ilikuwa Dar es Salaam, kupiga picha za sinema. Alikuja na Landrova, na dereva mtu mzima mwenye shingo nene anaitwa Chande.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekuja kunichukua au umekuja kula?"

Huku kwetu bibi na mjukuu hutaniana hivyo. Mjukuu wa kiume ni mume, bibi ni mke, na mke hana haya ya kumwambia mumewe kwamba amekonda.

"Nimekuja kupiga picha ya barabara," akasema.

"Barabara imefanya nini?"

"Haikufanya kitu, mke wangu. Inapigwa picha tu, inavyopita."

"Barabara haipiti. Tunaopita ni sisi."

Akacheka. Akaniambia watu watakaa vitini ndani ya chumba cha giza, watatazama barabara inawajia, miti inapita huku na huku, na muziki unapigwa.

"Wanakwenda wapi?"

"Hawaendi popote, bibi. Wanatazama."

Mimi nimesoma Kurani kwa maalimu, na herufi hizi ninazoandika nimezipata kisomoni nikiwa na mvi. Si mwanachuoni, wala si mjinga. Nililigeuza neno lile kichwani, likakataa kukaa. Mtu anasafiri kwa sababu ana mgonjwa, au msiba, au biashara, au ndugu yake hana chumvi. Lakini kusafiri umekaa, usifike, na ufurahi? Nikamuuliza jambo moja tu lenye maana, kama barabara yake inapita Lugoba. Akasema inapita. Nikamwambia, "Pakia kikapu."

Tulitoka Bagamoyo alfajiri, baada ya swala. Nilivaa kanga mpya, kwa sababu siendi kwa mdogo wangu kama ombaomba. Nilikaa mbele, kushoto kwa Chande, kikapu miguuni. Salum hakukaa ndani. Alitandika godoro la sufi juu ya keria ya gari, akalala kifudifudi, akajifunga kamba kiunoni, na kamera akaikumbatia usoni kama mtoto anyonyaye. Nikamwambia Chande, "Huyu akianguka nitamwambia nini mama yake?" Chande akasema, "Mwambie alikuwa kazini." Hayo ndiyo maneno yake pekee mpaka Msata.

Nje ya mji nikafundishwa kazi yao. Kulikuwa na redio ya kaseti kati yangu na Chande, ndani yake nyimbo za magitaa matupu, hakuna anayeimba. Salum akigonga bati mara moja, mimi nabonyeza kaseti, yeye anawasha kamera, na Chande anaendesha kwa mwendo wa gitaa. Gitaa likienda pole, gari linakwenda pole. Gitaa likichangamka, tunachangamka. Utepe wa kamera ulikuwa mfupi, unatosha wimbo mmoja tu, na vikishaanza vyote viwili ni marufuku kusimama mpaka wimbo uishe. "Hata akitokea mfalme," Salum aliniambia. Nikasema sawa, maana sikumjua mfalme yeyote wa njia ile.

Kiwangwa tuliingia jua limeshachomoza vizuri, wimbo unapigwa, gari linatambaa kama kinyonga. Sasa nyinyi wenzangu wa pwani mnajua. Gari likija polepole, limejaa muziki, na mbele amekaa mama mtu mzima na kanga mpya, hilo ni gari la nini? Ni harusi. Wanawake walitoka mashambani na majembe mikononi. Vigelegele vikapasuka. Msichana mmoja akakimbia pembeni yetu akirusha maua ya mkorosho. Mama mwenye mananasi kichwani akatukata njia, Chande akakanyaga breki, na Salum huko juu akatoa sauti ya mtu aliyenyang'anywa.

"Bibi harusi yuko wapi?" mama yule aliuliza, anachungulia nyuma. "Mnamficha? Mleteni tumwone!"

Na Salum, badala ya kusema ukweli, akainua kichwa kutoka kwenye godoro akasema, "Si huyo hapo mbele! Mke wangu huyo!"

Wakacheka mpaka wakashika viuno. Nami nikajibu, mdomo wangu haujui kunyamaza. "Ndiyo, ndiye mume wangu, na mahari bado hajamaliza!" Wakatupatia nanasi. Wakaniuliza mimi nani na naenda kwa nani, nikawatajia, tukaagana vizuri. Salum alipokuwa akibadilisha utepe wake, umefunikwa na koti ili jua lisiingie, lori la mananasi likatupita kwa vumbi. Juu ya mananasi alikaa yule mama na wenzake, na wakanipungia mikono. Nikapunga. Sikuwaza kitu.

Msata tulikata kushoto tukaingia barabara ya lami. Hapo niseme kweli, ingawa sijui nasema nini. Ile lami ilikuwa nyeusi, imenyooka, inashuka bondeni na kupanda tena kama kitambaa mtu anakikung'uta. Vilima vya kule mbele vilikuwa vya buluu. Wimbo ulikuwa wa pole. Ghafla nikajiona nimetulia, mkono dirishani, sina njaa, sina deni la kufika. Nikashtuka. Nikajiuliza, Zuhura, unafurahia nini? Hakuna kilichotokea. Nikatazama tena, na ile furaha ilikuwa bado ipo, imekaa tu bila sababu kama paka wa jirani. Nikamuuliza Chande kama naye anaiona. Akasema, "Kila siku." Basi.

Karibu na Lugoba Salum akasimamisha gari, akashuka, macho yanawaka. Akasema mteremko ule mbele ndio mzuri kuliko wote, na ameuwekea wimbo wake bora.

"Nyumba ya mdogo wangu iko mbele ya mteremko, ukingoni kabisa mwa barabara," nikamwambia.

"Wimbo utaisha kabla, bibi. Nakuahidi."

Akagonga bati. Nikabonyeza. Tukateremka. Magitaa yale yalikuwa matamu, lakini yalikuwa ya pole kuliko mengine yote, na wimbo ulikuwa mrefu. Nyumba za kwanza zikaja. Wimbo haukuisha. Nikaona mwembe wa msikitini. Wimbo haukuisha. Kisha nikamwona Mwanahamisi.

Alikuwa amesimama ukingoni, mbele ya mlango wake, amevaa doti ya kanga zake za Idi. Nywele amesuka. Kando yake kifurushi kimefungwa, na majirani zake wanawake wamemweka katikati. Mkono ameuinua juu.

"Simama!" nikamwambia Chande.

"Wimbo haujaisha."

"Chande, ni ndugu yangu yule! Simama!"

Chande akatazama juu kwenye bati, akisubiri kugongwa. Bati halikugongwa. Nikautoa mkono wangu wote dirishani mpaka kwapani, nikamwita vile tunavyoitana sisi, kiganja chini, vidole vinachota hewa: njoo, njoo, fuata gari, njoo. Nikaita na jina lake. Magitaa yakanimeza. Tukampita. Nilimpita ndugu yangu kwa karibu hata nikaona wanja wake, wala hakunitazama mimi, alikuwa anatazama nyuma yangu.

Gari lilisimama mbali, wimbo ulipokwisha. Sikusubiri ligeuzwe. Nilijitwika kikapu nikarudi kwa miguu, jua la utosi.

Kwa Mwanahamisi barazani hapakuwa na mtu. Mlango umefungwa.

"Hodi!"

Kimya. Mtu akipiga hodi kwa ndugu yake na asiitikiwe karibu, afadhali apigwe kofi.

"Hodi, Mwanahamisi! Ni mimi Zuhura."

"Nenda harusini kwako," sauti ikatoka ndani.

"Harusi gani?"

"Ya Salum! Unadhani Lugoba hakufiki habari? Wamekuja watu wa mananasi wamesema, Bi Zuhura yumo garini, anamwozesha mjukuu wake, muziki na vigelegele tangu Kiwangwa. Nikasema dada hakunialika kwa sababu anakuja kunichukua mwenyewe. Nikavaa. Nikafunga mzigo. Nikawaita na majirani waje waone ninavyochukuliwa. Ukanipita, Zuhura. Mbele ya watu ukanipita."

"Hakuna harusi!"

"Gari la muziki, linakwenda kwa madaha, wewe na kanga mpya, hakuna harusi? Basi mlikuwa mnafanya nini?"

Hapo ndipo nilipokwama. Ukweli nilikuwa nao, lakini ulikuwa ukweli wa namna gani ule?

"Tulikuwa tunapiga picha ya barabara," nikasema.

Nikasikia jirani mmoja anacheka nyuma ya ua.

"Dada," Mwanahamisi akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya chini, ambayo ni mbaya zaidi, "ungeniambia hata breki zilikatika. Uongo huo ningeuheshimu."

Salum akaja mbio, akapiga magoti mlangoni. "Shikamoo bibi. Mke wangu, nifungulie, kosa ni langu."

"Mimi si mke wako. Leo mimi si hata bibi yako."

Nikaliweka kapu kizingitini nikaondoka. Kabla hatujawasha gari, jirani yake akaja amelibeba. "Amesema mlipeleke kwa wageni wa harusi." Mwaka wa njaa, ng'onda na chumvi vinarudishwa! Chande mwenyewe aligeuza uso.

Ubena tulifika jioni, kwa sababu kazi ya Salum ilikuwa haijaisha, na kazi haina ndugu. Chalinze siikumbuki. Mashamba ya mkonge yalipita, sikuyaona. Nililala kwa mwenyeji wetu, mama wa makamo aliyenikuta nimekikumbatia kikapu kama maiti ya mtoto. Akaniuliza kuna nini. Nikamweleza yote, barabara na picha na gitaa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Pole sana, shoga yangu. Sasa niambie, bibi harusi alikuwa nani?"

Salum alikuwa amekaa mkekani kwa unyonge, anafuta kioo cha kamera. Akasema kile kipande cha Lugoba ndicho kizuri kuliko vyote alivyopiga, ila kimeharibika. Mkono wangu umeingia kwenye picha. Wakubwa wake wanataka barabara tupu, safi, kwa hiyo utepe ukirudi kutoka kuoshwa atakata pale.

Sikuwa nimemsemesha tangu Lugoba. Nikasema, "Mkono wangu haukatwi. Ulikuwa unamwita ndugu yangu."

"Bibi, si mkono wenyewe, ni picha ya..."

"Umesikia."

Akaendelea kufuta kioo chake. Wakati huo sikuwa na hesabu yoyote kichwani. Ilikuwa hasira tu. Jambo la haki nililofanya siku ile nzima lilikuwa moja, na ndilo lililoonekana uchafu.

Tuliporudi tulipita Lugoba tena, bila muziki. Chande alipunguza mwendo mbele ya mlango bila kuambiwa. Ulikuwa umefungwa.

Bagamoyo nilikaa na kikapu kile kimening'inia darini. Watu walinishauri nile. Sikula. Miezi ikapita, Salum akaja na boksi la bati, akasema utepe umerudi na hakuukata. Nikamuuliza, "Ndani yake yumo bibi harusi?" Akasema hayumo. "Basi ndiyo shahidi wangu huyo. Twende Lugoba."

Lugoba tulifika mchana, na Salum akaomba ghala la korosho, ambalo mwaka ule lilikuwa tupu kama tumbo. Tukaziba madirisha kwa magunia mpaka giza likaingia ndani ya adhuhuri. Shuka likatundikwa ukutani, jenereta likanguruma nje. Habari kwamba Bi Zuhura ameleta harusi yake ndani ya boksi ilijaza ghala. Mwanahamisi aliingia wa mwisho, akasimama mlangoni. Hakunitazama. "Nimekuja kumwona bibi harusi," aliwaambia watu, si mimi.

Shuka likawaka. Barabara ikaja. Wallahi nilijua ni picha, nilikuwepo ikipigwa, na bado niliegemea nyuma kwenye mteremko. Gari lilipokata kona ghala zima lililala upande mmoja kama mpunga, kisha likalala upande wa pili. Mzee mmoja alimsihi dereva kwa jina la baba yake apunguze mwendo. Na yale magitaa! Njiani yalitoka kwenye kijiredio cha kukwaruza, humu yalikuwa yamejaa hewani, kana kwamba miti ndiyo inayoyapiga. Nilipendezwa, na nikaona haya kupendezwa.

"Ile nyumba ya kwetu!" mtu akapiga kelele.

Mwanahamisi akatokea kwenye shuka, na doti yake, mkono juu, anakuja, anakuwa mkubwa. Na pembeni kushoto, chini, mkono wangu ukaingia. Kiganja chini. Unachota hewa. Njoo, njoo, njoo. Na yeye kwenye picha hautazami! Amerefusha shingo kama bata anachungulia viti vya nyuma.

"Mtazameni Bi Mwanahamisi!" wanawake wakacheka. "Anamtafuta bibi harusi!"

Akapita. Barabara ikaendelea, ikaisha, shuka likawa jeupe. Hakuna aliyeinuka. Walikaa tu. Yule mzee akauliza, "Tumefika wapi?" Salum akamwambia hatukufika popote, imekwisha. Mzee akasema, "Sasa mbona mnatupakia?" Nami nilikuwa upande wake kabisa.

"Rudisha," sauti ya Mwanahamisi ikasema gizani.

Salum akarudisha. Safari hii kaseti haikuwahi kurudishwa mwanzo, kwa hiyo tukatazama bila muziki. Yeye akaja, mkono wangu ukaja. Kilichosikika ni jenereta tu.

"Ule mkono wa nani?"

"Wa nani mwingine?" nikasema.

"Ulikuwa unaniita."

"Nilikuita mpaka koo likakauka. Wewe ulikuwa unatafuta bibi harusi."

"Na gari?"

"Lilikuwa linafuata gitaa."

Akafikiri. Nilimsikia akifikiri. "Dada," akasema, "mimi bado sielewi kwa nini mtu apige picha barabara."

"Hata mimi sielewi, mdogo wangu. Ndiyo maana sikuweza kukudanganya vizuri."

Akaangua kicheko, akalia humo humo ndani ya kicheko, kisha akageuka kwa Salum. "Na wewe, mume wangu, siku utakapooa kweli, hilo gari lisimame hapa au nitalilalia barabarani."

Tulikula kwake. Kikapu nilikifungua mwenyewe, ukambaa ulikuwa haujaguswa. Ugali wa njano, ng'onda wa kuchoma, chumvi ya kutosha. Ulikuwa ugali ule ule wa kukunja uso, na tulifuta sahani kwa vidole.

Nilirudi Bagamoyo kwa basi. Lilisimama kila kichaka, watu wakapanda na kuku, wakashuka, wakaulizana habari za nyumbani. Halikuwa na muziki. Mkiniuliza nimejifunza nini, nitawaambia machache. Gari likija kwa madaha, ulizeni kabla ya kuvaa. Na barabara ni nzuri kuitazama, sikatai, hata leo nikifumba macho naiona lami ile ya Msata ikikung'utwa, ila sijui uzuri huo ni wa kazi gani, wala kwa nini uchungu wangu ukitiwa gitaa watu wasiotujua wanaupigia makofi. Maana wanaupigia. Salum alikuja kuniambia wakubwa wake wameipenda picha, wamekitazama kipande cha Lugoba mara kwa mara, na wanataka kukionyesha kwenye ukumbi mkubwa Dar es Salaam. Yule mama mwenye mkono juu amewagusa sana. Neno moja tu, akasema, na akatazama chini kwa heshima. Wanaomba ule mkono mwingine, wa pembeni, utolewe. Unachafua barabara.

Nilikuwa napepeta mchele, maana mvua ilikuwa imesharudi. Sikusimamisha ungo.

"Mkono wangu haukatwi. Ulikuwa unamwita ndugu yangu."